Ukienda Kit Mikayi, Piga Hodi

Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Bondo, ukishapita Kisian na Holo, utajikuta unahesabu mawe bila kuambiwa. Yako mashambani katikati ya mahindi na mihogo, yako nyuma ya nyumba za mabati, mengine yamesimama peke yake kama ng'ombe aliyeachwa na kundi. Kisha, karibu kilomita 29 kutoka mjini, kondakta anagonga bati, unashuka, na ng'ambo ya mashamba unaliona: majabali yamebebana, moja mgongoni mwa jingine, yamepanda kuipita miti yote ya hapo. Hilo ndilo Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza, katika nchi ya Seme.

Watu huniuliza njia ya kwenda, nami huwajibu kwamba njia si tatizo. Matatu za Bondo hujaa na kuondoka steji ya Kisumu tangu alfajiri, na kutoka barabarani mpaka kwenye jiwe ni mwendo mfupi wa miguu, au bodaboda kwa asiyetaka jua. Tatizo huanza ukishafika. Wengi hufika, wakazunguka, wakapanda, wakapiga picha, wakarudi mjini kabla ya saa sita, na ukiwauliza wameona nini watakuambia wameona mawe makubwa. Ni kweli, wameyaona. Lakini nauli ya kwenda Seme inakupa haki ya kutaka zaidi ya hapo.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilikosea. Nilifika asubuhi, simu mkononi, nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye ufa mkubwa ulio kati ya majabali. Ndani walikuwemo watu wamepiga magoti, wamevaa kanzu nyeupe, viatu vyao vimepangwa nje. Nilikuwa nimekwisha piga picha mbili. Pembeni alikuwa ameketi nyanya mmoja, amejifunika leso mabegani, akaniita kwa mkono.

"Mwanangu," akasema, "wewe ukifika kwa watu huwa hupigi hodi?"

"Nisamehe, nyanya."

"Kaa hapa kwanza."

Nikazifuta zile picha mbele yake, nikakaa. Sala ilichukua karibu saa nzima, na muda huo wote alinisimulia jiwe lile kwa sauti ya chini, akilielekeza kwa kidevu. Nimerudi mara nyingi tangu siku ile, na ushauri wote ninaoutoa hapa chini unatokana na swali lake.

Mwaka 2019, katika mkutano uliofanyika Bogotá, Kolombia, UNESCO iliingiza Kit Mikayi katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Usisome haraka sentensi hiyo. Kilichoorodheshwa ni mila na desturi zinazofanyika pale: nyimbo, ngoma, sala, tambiko za wazee za kuomba mvua na za kushukuru mavuno. Jiwe halimo hatarini. Limekuwapo kabla ya binadamu yeyote na halina haraka ya kwenda popote. Walio hatarini ni wale wanaojua kinachofanywa mbele yake, kwani wengi wao ni wazee, mikusanyiko yao imepungua, na vijana wana mengine ya kuwashughulisha. Basi mgeni anayelitazama jiwe kwa dakika ishirini na kuondoka ameangalia kitu ambacho angekikuta hata miaka elfu ijayo, akakipita kile ambacho huenda mwanawe asikikute.

Swali la kwanza la kila mgeni ni nani aliyelijenga. Hakuna. Najua wako wanaovunjika moyo kulisikia jibu hilo, hasa waliosoma habari za Stonehenge kule Uingereza, ambako watu waliyaburuta mawe na kuyasimamisha. Kit Mikayi ni granaiti, mwamba uliopoa polepole chini sana ardhini, zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita. Udongo na miamba iliyoufunika ikamomonyoka. Mwamba ulikuwa na nyufa, nyingine za wima, nyingine za kulala, maji yakaingia humo, yakala pembe za kila kipande mpaka zikawa mviringo. Kilicholainika kikasombwa, kigumu kikabaki kimepangana. Ukiwahi kuona yale mawe ya Mwanza yanayosimama ndani ya ziwa, umeona kazi ya namna hiyohiyo, ng'ambo ya pili ya maji hayahaya.

Anayetaka mawe yaliyosimamishwa na mikono ya watu hapa Kenya na afunge safari ya Turkana, magharibi ya ziwa la huko. Pale Lothagam wafugaji wa kale, takriban miaka 5,000 iliyopita, walijenga jukwaa la mawe, wakawazika wafu wao humo, wakasimamisha nguzo za basalti. Namoratunga, karibu na Kalokol, nguzo za namna hiyo utazikuta ukipita barabarani. Hiyo ni safari nyingine, yenye joto lake na maandalizi yake.

Nirudi Seme. Pasipo mjenzi, liko jina, na jina ni kazi ya watu. Hapa ndipo ningependa utulie kabla hujapanda hatua moja, kwa sababu bila kuelewa jina utatazama rundo la majabali, na ukilielewa utaona boma.

Kwa Kijaluo, *mikayi* ni mke wa kwanza. Wa pili anaitwa *nyachira*, wa tatu *reru*. Katika boma la jadi la Wajaluo, *dala*, kila mmoja ana mahali pake ambapo hapabadilishwi kwa mapenzi ya mume. Nyumba ya mikayi hujengwa juu, mbali na lango, ikilitazama. Ya nyachira huwa kulia kwake, ya reru kushoto. Kijana wa kwanza akikua hujengewa *simba*, nyumba yake ya ujana, huku chini upande wa langoni. Ukiingia dala ya namna hiyo huhitaji kuulizia nani ni nani, nyumba zinakuambia.

Sasa simama mbele ya Kit Mikayi, mahali ambapo majabali yote yanaonekana pamoja, na mwombe mwenyeji akuonyeshe. Jiwe la katikati ni baba. Lile kubwa linalofuata ni mikayi. Kisha nyachira, kisha reru. Mbele kidogo, limejitenga na wenzake, liko jiwe la simba. Waliokaa Seme zamani walitazama mwamba uliopasuliwa na mvua wakaona ndani yake mpango uleule wa nyumba zao. Kwangu mimi hilo linashangaza kuliko kama wangeuburuta kutoka mbali.

Kisa cha mzee Ngeso utakisimuliwa, na kila msimulizi ana namna yake. Kwa ufupi, Ngeso alilipenda jiwe hili kupita kiasi. Kila akiamka alikwenda kuingia katika pango lake, akashinda humo kutwa, na mkewe akawa hana budi kumpelekea chakula huko, cha asubuhi na cha mchana. Watu wakimuuliza mama yule mumeo yuko wapi, alijibu: amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Sikiliza sauti ya anayekusimulia afikapo kwenye jibu hilo. Wanaume wengi hulisema wakicheka. Nyanya yangu wa leso hakucheka. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba yule mama alitembea njia ile mara mbili kwa siku akiwa na chungu kichwani. Kisa ni kilekile, ila yeye alikisimulia kwa miguu ya mwanamke. Ndiyo maana nashauri usiridhike na msimulizi mmoja. Ukipata kijana anayewaongoza wageni, mshukuru, kisha mwombe akukutanishe na mtu mzima wa kike wa mahali pale.

Suala la sala halina mzaha. Watu huja Kit Mikayi kuomba, wengine hufunga na kukaa siku nyingi. Utawakuta waumini wa Legio Maria, kanisa lililozaliwa Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa uongozi wa Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, na utawakuta wa makanisa mengine ya Roho, na utawakuta watu wasio na kanzu yoyote waliokuja na shida zao. Hujui aliyepiga magoti pale ameacha nini nyumbani. Kwa hiyo ukisikia wimbo au ukiona viatu vimevuliwa, simama mbali. Mwulize mwongozaji kama unaweza kupita, na jibu likiwa hapana, ni hapana. Liko la kufanya wakati unangoja. Ukiruhusiwa kuingia, vua viatu kama wao, vua kofia, zima mlio wa simu. Maji yanayochuruzika katika nyufa, wapo wanaoyachota kwa imani ya kuponywa, basi usinawie mikono wala usioshee tunda lako hapo. Wala usiache chupa. Nimeokota chupa za plastiki ndani ya ufa ule, na nilipoziokota niliwaona akina mama wawili wakinitazama kwa shukrani iliyonitia huzuni.

Kuhusu picha: majabali piga upendavyo, watu mpaka wakubali. Ruhusa ya mwongozaji si ruhusa ya mtu mwenyewe. Umwambie anayepigwa picha hiyo itakwenda wapi, kama ni kwenye simu yako au ni kuwekwa mtandaoni watu wote waione, maana kwa mtu aliyekuja kuomba mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo.

Kupanda unaweza, sehemu fulani, kwa njia utakayoonyeshwa. Vaa raba zenye kukwaruza chini, si ndara, si viatu vya kanisani. Granaiti kavu hushika mguu vizuri. Iliyolowa huteleza kama sahani yenye mafuta, nawe usiidharau kwa sababu watoto wa jirani wanaikimbilia peku. Usiingize mkono katika tundu usiloliona ndani: mna popo, mna pimbi, na joka hupenda kivuli kama wewe. Nyuki nao wana makazi katika mawe ya namna hii. Achana na manukato makali siku hiyo, na ukisikia mvumo, rudi nyuma taratibu bila kupunga mikono. Mwenye magoti mabovu au mama mjamzito hana sababu ya kupanda. Jiwe hili linaonekana vyema zaidi kutoka chini, na mazungumzo yako chini.

Ama saa ya kwenda, ni asubuhi, na hapa sisisitizi kwa sababu ya joto peke yake. Ukanda wa ziwa letu ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Mchana upepo hutoka ziwani ukaenda nchi kavu, mawingu yanajikusanya, na alasiri ngurumo zinaanza. Juu ya jabali refu lililo peke yake uwandani si mahali pa kukutwa na ngurumo. Ukiisikia ya kwanza, hata kama kwako jua bado linawaka, shuka. Januari na Februari ni miezi mikavu. Machi mpaka Mei mvua ndefu hunyesha, na Oktoba hadi Desemba zile fupi; hata wakati huo unaweza kwenda, ila uwe umeondoka mjini mapema na uwe na mwavuli au koti. Siku za katikati ya wiki kuna utulivu. Jumapili na sikukuu utakuta umati, wa sala na wa vijana wa matembezi, na wenyeji watakuwa na muda mchache wa kukaa nawe.

Fedha, niseme waziwazi, kwa sababu ndipo panapozuka maneno. Lango lina kiingilio. Lipa, uombe risiti, na usianze kubishana na kijana aliyekaa pale kuhusu mawe ya Mungu kuwa ya bure. Mwongozaji mpatane kabla ya kuanza kutembea. Kikundi cha akina mama wakikuimbia na kukuchezea, hiyo ni kazi yao, si salamu tu. Uliza mapema desturi ni kiasi gani, na uwape kwa mikono miwili mbele ya wenzao, ili igawanywe bila minong'ono. Kuwa na noti ndogondogo. Malipo ya simu yanafanya kazi, lakini mtandao una siku zake. Kama una nafasi, nunua kitu hapo: kikapu, karanga, kikombe cha chai na mandazi. Kijiji kinacholitunza jiwe kina gharama zake za kulitunza, na anayeona jiwe linaleta shilingi halali hatakuwa na haja ya kulipasua kokoto. Usifikiri natia chumvi. Zunguka mashamba ya Seme na Kajulu uone majabali yanavyochomwa moto na kugongwa nyundo kwa ajili ya ujenzi.

Maneno matatu ya Kijaluo yatakusaidia kuliko kamera. Asubuhi sema *oyawore*. Ukipewa kitu, hata kiti, sema *erokamano*. Ukiondoka sema *oriti*. Hutakosea sana, na ukikosea utasahihishwa kwa furaha. Salimia wazee kwanza, hata kama vijana ndio waliokulaki.

Sasa, kama Kit Mikayi imekugusa, nakusihi usiishie hapo. Tenga siku mbili nyingine uende Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, upande wa Macalder, kwa sababu Seme utakuwa umeona mwamba ambao watu waliuona kama boma, na Thimlich utaona boma ambalo watu walilijenga kwa mwamba. Moja linafundisha kulisoma jingine.

Huko ni mbali kweli. Kutoka Kisumu unapita Ahero, Katito, Kendu Bay, unaingia Homa Bay, kisha Rodi Kopany, na kuelekea Ndhiwa. Wengine hupitia Kisii na Migori mjini. Vyovyote vile, usijidanganye kwamba utakwenda na kurudi siku moja ukabaki na akili ya kutazama. Lala Homa Bay au Migori. Uliza hali ya barabara asubuhi ya safari, si wiki moja kabla, kwani baada ya lami kuna vipande vya murram, na mvua ya usiku mmoja hubadili mambo. Matatu haitakufikisha mpaka langoni; patana na bodaboda akungoje, umlipe sehemu sasa na sehemu baadaye. Jaza mafuta mjini kama una gari lako. Beba maji ya kutosha na chakula, maana ukishafika hakuna hoteli ya kukimbilia.

Jina lenyewe linakuandaa. *Thim* ni msitu, pori. *Lich* ni cha kutisha. *Ohinga* ni ngome. Ngome ya pori la kutisha. Kuta zake zilijengwa yapata karne ya 16. Serikali iliitangaza mahali pa kumbukumbu ya taifa mwaka 1981, na mwaka 2018, katika mkutano wa Manama, Bahrain, ikaingia katika orodha ya urithi wa dunia. Inatunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Watafiti, akiwamo Isaya Onjala aliyelipa eneo hili miaka yake mingi, walihesabu katika Nyanza Kusini maboma ya mawe 521 katika mahali 138. Thimlich ndiyo kubwa na iliyohifadhika kuliko zote.

Usikimbilie kuingia. Kwanza utembee nje ya ukuta, mkono mgongoni, utazame kazi. Hakuna saruji. Hakuna hata udongo wa kushikilia. Hakuna msingi uliochimbwa. Mawe ya kila umbo yamechaguliwa moja moja, yakapangwa nyuso mbili, ya nje na ya ndani, na katikati pakajazwa mawe madogo yanayozifunga nyuso hizo pamoja. Kuta zina unene wa mita 1 mpaka 3, na mahali pengine zinafika mita 4.2 kwenda juu. Ukisafiri na fundi wa ujenzi, muachie nafasi. Nimemwona mmoja akisimama robo saa mbele ya pembe moja bila kusema neno. Halafu akanionyesha lango: jiwe refu limelazwa juu ya mlango kubeba uzito wa ukuta, ile ambayo leo tunaiita linta.

Mlango ni mfupi makusudi. Utainama. Aliyeingia na nia mbaya aliinama pia, na kichwa chake kikatangulia mbele ya walinzi. Mzee wa boma naye aliinama, na ng'ombe wakaingia mmoja mmoja, wakahesabika. Ndani kuna vizimba vya mifugo na mabonde madogo ya duara palipokuwa na nyumba. Boma kubwa linaitwa Kochieng; mengine ni Kakuku, Koketch na Koluoch. Ukijua kwamba *ka-* na *ko-* kwa Kijaluo ni kama kusema "kwa fulani", utaelewa kwamba unatembelea nyumba za watu, kama mtu anavyosema anakwenda kwa Ochieng'. Mwombe mwongozaji akuonyeshe palipofuliwa chuma, na vishimo vya bao, *ajua*, vilivyochongwa katika jiwe. Mimi vishimo vile vilinikamata kuliko kuta. Ukuta unaniambia waliogopa. Bao linaniambia jioni zilikuwepo ambazo hawakuogopa.

Waliokaa humo hawakuwa kabila moja kwa karne zote. Wabantu walikaa, Waniloti wakaja, mmoja akahama mwingine akaingia, na kila aliyeingia alirekebisha alipokuta pamebomoka. Desturi hii ya maboma ya mawe iliendelea mpaka katikati ya karne ya 20. Kuta zisizo na saruji husimama zikiwa na wa kuzirudishia jiwe lililoanguka. Kwa hiyo mkono wako uwe mbali nazo. Usipande juu ya ukuta kupiga picha, usiegemee, usiketi. Jiwe moja likichomoka, mawe madogo ya kati yanamwagika, na sehemu nzima inafuata. Vigae vya vyungu utavikuta chini, vimechomoza baada ya mvua. Viangalie, viache palepale. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inavilinda, na hata bila sheria, kigae kilichotolewa mahali pake hakina tena la kumwambia mtafiti.

Watoto wakiwa nawe, wape kazi kabla hawajaanza kurukaruka: wahesabu milango, watafute bao, wakisie jikoni palikuwa wapi. Na miti mirefu inayofanana na mipungate inayomea hapo waambie wasiivunje. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni safari ya hospitali, na hospitali iko mbali.

Yako mawe mengine ya karibu kwa asiye na siku mbili. Jiwe la Luanda Magere, shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na uhai wake ukawa katika kivuli, lina wasimulizi wazuri sana, ukipata mtu wa ukoo wa kukupeleka. Jiwe linalolia la Ilesi, karibu na Kakamega, liko kando ya barabara ya kutoka Kisumu. Utaona michirizi ya maji ikishuka kama machozi. Utaratibu ni uleule, salamu kwanza.

Neno langu la mwisho ni kuhusu usiku wa siku hiyo. Kabla hujalala, andika ulichosimuliwa, na nani alikusimulia, kama amekubali jina lake liandikwe. Kesho utakuwa umechanganya Nyachira na Reru. Na kama uliahidi picha, peleka picha. Ahadi za wageni zimejaa Seme. Mimi nilipiga picha, safari hiyo kwa ruhusa, ya nyanya yule na wenzake wameketi chini ya jiwe la mikayi. Nikaichapisha studio mjini, nikampelekea mwezi uliofuata. Aliishika karibu na macho, akaitazama muda mrefu, kisha akaigeuza upande mweupe na kuniambia nitoe kalamu. Akawa anataja, kutoka kushoto kwenda kulia, jina la kila mama aliyemo na jina la alikozaliwa, nami naandika. Walikuwa sita. Alipofika kwa wa mwisho, ambaye alikuwa yeye, akasema hilo niandike kwa herufi kubwa, wajukuu waweze kulisoma.